Mayai ya Mama Nuta

Waumini wa Siena, sikilizeni: mimi Meuccio, mwanafunzi wa bweni la watawa, niliwahi kuwa sauti ya Bikira Maria.

Kwa heshima zote, nilikuwa nimebanwa kati ya picha yake na ukuta, mafua yameniziba pua, buibui ananitembea shingoni.

Mambo yalianzia kwenye mayai.

Fundi Lando alikuwa anatuchorea Kuzaliwa kwa Bwana kwenye ubao mkubwa, na rangi zake huzikoroga kwa kiini cha yai. Bikira ni kijana, uso wake hutaka yai la kuku wa mjini, maana kiini chake kimepauka. Yosefu ni mzee, yeye hupewa la kuku wa shamba, kiini chekundu.

Mpishi wetu Mama Nuta alimwekea vikapu viwili vilivyofunikwa. Kitambaa cheupe, mjini. Chekundu, shamba.

Siku hiyo alikuwa ameninyima bakuli la pili la supu ya dengu.

Nikabadilisha vitambaa.

Wiki haikuisha, Bikira akawa wa njano kama mgonjwa wa ini. Yosefu anang'aa kama bwana harusi.

Mkuu wa watawa, Padre Gualtieri, alipokuja kukagua, nilijipenyeza nyuma ya picha nicheke kwa nafasi. Maseremala wakausukuma ubao ukutani, wakakaza kabari. Mbavu zikalia. Pumzi nikawa naivuta nusu nusu.

Padre hakucheka. Alisema anayemtia ugonjwa Mama wa mji huu anauitia mji tauni. Fundi Lando akaapa kwamba yeye alifuata vitambaa tu.

Basi Mama Nuta akaambiwa afungashe, aondoke kabla ya kengele ya jioni. Mjane, miaka ishirini jikoni kwetu, hana pa kwenda.

Hakujitetea. Aliuliza tu nani atawapikia watoto kesho.

Nikausukuma ubao. Wapi. Kilichobaki huru kwangu ni mdomo.

"Mama Nuta hana kosa," nikasema. "Mayai nimebadilisha mimi."

Nikasikia magoti yakigonga sakafu, moja baada ya jingine.

"Ewe Mama Mtakatifu," Padre akauliza, "umeyabadilisha kwa nini?"

Ndugu zangu, nilijaribiwa. Ningeweza kuagiza nyama kila Jumanne.

Lakini Mama Nuta hakupiga magoti.

"Inuka, Padre, unachafua kanzu. Bikira gani ana mafua? Huyo ni Meuccio." Akasogea karibu na ubao. "Umebanwa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujafukuzwa."

"Kwa hiyo ulinisikia nikifukuzwa."

Hapo ndipo mbavu ziliponiuma kweli.

Funzo ni hili: ukitaka kukiri kosa, toa uso wako nje kwanza, la sivyo atabebeshwa mwingine, hata Mama wa Mungu.

Mama Nuta akarudishwa jikoni. Padre akakataza kabari zisiguswe mpaka nimalize kuungama yote, mbele ya wote.

Nikaanzia kwenye supu.