Meneja Aliposema "Let"

Mwaka wa 2011, nikiwa na miaka arobaini na minne, nilifutwa kazi nikasema asante. Watu wa kwetu bado wanacheka. Wacheke. Mimi shule niliachia darasa la nne, na Kiingereza nilichokuwa nacho nilikiokota kanisani na kiwandani.

Kiwanda kilikuwa Thika, cha kufuma blanketi. Tulikaa nyumba za kampuni, ndani ya ukuta wake, mimi, mke wangu na watoto watatu. Ukipoteza kazi, nyumba nayo inakwenda. Kila mtu alilijua hilo, na uvumi wa kupunguza watu ulipoanza, hakuna aliyelala vizuri.

Wakati huohuo mama yangu alikuwa mgonjwa kule Ngoliba. Nilikuwa nimeomba ruhusa nikamwone, nikanyamaziwa. Kwa hivyo meneja aliponiita ofisini, nilijua ananijibu. Alikuwa kijana msomi. Kiswahili alikitumia kwa mzaha. Mambo mazito aliyasema kwa Kiingereza. Aliongea akiangalia dirisha, nami nikashika maneno ya mwisho: "We have to let you go."

Sasa, "let" mimi niliijua. Mchungaji akisema "let us pray", tunainamisha vichwa. Mtoto akishikwa shati na mwenzake analia "let me go", yaani niachilie. Kwangu lilikuwa neno la kufungua mkono. Nikaona nimepewa ruhusa. Nikamshika mkono, nikamwambia asante sana, Mungu akubariki. Alinitazama kama mtu aliyeona kuku akimshukuru mwenye kisu.

Nikaenda Ngoliba. Mama alipoweza kushika kikombe cha uji mwenyewe, nikarudi. Soja wa getini, mtu tuliyekunywa naye chai miaka mingi, hakufungua.

"Mzee, si wewe uliachishwa?"

Nikamwambia nina ruhusa ya meneja mwenyewe. Akauliza niliambiwa nini hasa. Nikayarudia maneno yale vile yalivyokuwa. Akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu.

"Hiyo si ruhusa, ndugu yangu. Hapo umefutwa kwa adabu."

Mke wangu na watoto walikuwa ndani, na mke alikuwa ameambiwa vyombo vitoke kabla ya Jumamosi. Nikasimama mbele ya geti, nikasema gari lolote litakalotoka litanikanyaga kwanza. Malori yakapanga foleni, madereva wakanitukana. Mwishowe meneja akatoka. Nikamwambia nataka kazi yangu. Safari hii akatumia Kiswahili: wengine walikuja wakamlilia, na wawili akawapeleka stoo.

"Lakini wewe ulinishukuru," akasema. "Nikajua una mpango wako."

Mpango sikuwa nao. Stoo ilikuwa imejaa. Tulihama na mkokoteni.

Ruiru nako, tulikoenda kutafuta chumba, kila ukuta uliandikwa TO LET, yaani nyumba inapangishwa. Neno lililonitoa kwa nyumba moja ndilo lililonikaribisha kwa nyingine, na nilitamani kulipaka matope. Chumba tulichopata Mwiki, watoto wa mtaa walikuwa wameongeza I katikati ya kibao, kikasomeka TOILET, yaani choo. Hawakukosea sana, ukinusa.

Baadaye nilipata kazi ya kutunza hosteli ya wanafunzi Kahawa Wendani. Msichana mmoja wa hapo alikuwa anasomea lugha, nikamuuliza juu ya neno hilo. Akasema hapo kale Waingereza walikuwa na maneno mawili, moja la kumwacha mtu aende, lingine la kumzuia na kumchelewesha. Sauti zikakaribiana mpaka yakawa moja.

"Ukichukua pasipoti, guka," akasema, akiniita babu kwa Kikuyu, "soma maandishi ya mbele. 'Without let or hindrance.' Hapo let ni kizuizi."

Pasipoti nilienda nikachukua, nione kwa macho yangu. Ni kweli.

Shamba la mama nililipanda maembe, na pesa yake nikanunua ploti, nikajenga vyumba polepole. Nikimwachisha mtu kazi leo, namwambia kwa Kiswahili, uso kwa uso: nimekufuta, kama una neno liseme sasa. Mchungaji wangu wa ng'ombe alilisema. Bado yuko.

Nilicho nacho: ploti Mwiki, vyumba kumi na viwili. Shamba Ngoliba, na kisima. Ng'ombe wawili. Pasipoti ambayo haijavuka mpaka. Mke yule yule. Na kibao nilichoandika kwa mkono wangu: VYUMBA VYA KUKODISHA.