Shimo la Pili

Mwaka wa sabini na nne, Mzee Bartolomeo, mwenyekiti wa kijiji kimoja kipya upande wa Kasekese, alisimama mkutanoni akauliza nani atajitolea kusimamia kampeni ya vyoo. Wenye viatu waliangalia viatu vyao, wasio na viatu wakaangalia vidole vya miguu. Mkono ulionyooshwa ulikuwa mmoja tu, wa Melkiadi.

Wengi walidhani anatafuta cheo. Hawakukumbuka kwamba mvua zilizopita kuhara kulimchukua binti yake, Skolastika, kwa siku tatu tu. Sasa mdogo wa marehemu Skolastika alikuwa ameanza kutambaa na kutia mdomoni kila alichokiokota. Melkiadi hakutaka kuchimba kaburi jingine dogo, basi akakubali kuwachimbisha wenzake vyoo.

Malipo yake yalikuwa daftari, kofia ya kitambaa na jina jipya, Bwana Choo. Jumatatu alizunguka nyumba kwa nyumba akihesabu mashimo. Jumanne jioni alifundisha watu wazima kusoma, nao walisinzia kwa adabu. Jumatano alilima shamba la kijiji, kwa kuwa asiyelima hawezi kuhimiza. Alhamisi ilikuwa siku ya mkutano wa kupanga mikutano. Ijumaa alikaa barabarani kusubiri gari la wilayani, ambalo halikuja, na Jumamosi alipalilia shamba lake mwenyewe lililoshikwa na majani kwa ajili ya maendeleo ya wengine. Jumapili alipumzika, isipokuwa baada ya misa, ambapo kila mtu alimshika mkono kumweleza kwa nini bado hajaezeka.

Hata hivyo vyoo vilisimama. Kila nyumba ilikuwa na kimoja, kimepakwa chokaa na kuezekwa vizuri kuliko nyumba yenyewe. Kasoro ilikuwa moja: hakuna aliyevitumia.

Sababu kila mtu aliijua. Kule mtu hakanyagi mahali anapojisaidia mkwewe, na karibu kila nyumba ilikuwa na mkwe ndani yake. Fomu ya kampeni ilisema kaya moja, choo kimoja. Lakini nani angesimama kulitaja neno choo na neno mkwe kwa pumzi moja, na wakwe wenyewe wameketi palepale? Mzee Bartolomeo alipouliza, "Kuna swali?" watu walijibu hakuna. Alipouliza, "Tumeelewa?" walijibu tumeelewa. Kisha wakashika njia ya porini kama zamani.

Na Bwana Choo mwenyewe? Mama mkwe wake, Emerensiana, alikuwa mjane na aliishi kwake. Hawakusemezana ana kwa ana. Maneno yao yote yalipita kwa Verdiana, mke wa Melkiadi, hata wakiwa wamesimama hatua mbili. Choo chao kilikuwa cha mfano. Emerensiana alimwachia mkwewe, Melkiadi akamwachia mama mkwe, kikabaki kitupu. Kila alfajiri Melkiadi aliingia porini na jembe lake, kofia ya kampeni kichwani, na mara nyingi alipishana na Mzee Bartolomeo, ambaye siku zote alikuwa anatafuta mizizi ya dawa. Hawakuulizana zaidi.

Ijumaa moja ya mwisho wa kiangazi gari lilikuja kweli. Juu yake ilifungwa baiskeli mpya, zawadi ya kijiji kitakachotimiza vyoo vyote, aiendeshe msimamizi wa kampeni. Akashuka Bwana Lukmani, ofisa maendeleo, akakagua.

"Hakuna hata inzi," alisema kwa mshangao. "Vijiji vingine nimekuta inzi."

"Sisi tunazingatia," alijibu Mzee Bartolomeo.

Katika choo cha tano walimkuta kuku ameatamia. Mwenyekiti akaeleza kwamba huyo ni kuku wa mradi, na Bwana Lukmani akaandika mradi.

Uwanjani hotuba zilikwisha, baiskeli ikashushwa, Melkiadi akaitwa atoe shukrani. Alishika usukani. Miguu yake ilikuwa imepasuka kwa kutembea, na baiskeli ile aliitamani mno. Ndipo alipomwona mtoto wake ameponyoka mikononi mwa Verdiana, anatambaa mavumbini, anaokota kitu na kukitia mdomoni. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu.

"Ndugu mgeni rasmi," alisema, "choo changu sijakiingia hata siku moja. Kwangu anaishi mama mkwe. Na humu hakuna anayekiingia chake, kwa sababu hiyohiyo. Kila kaya inahitaji mashimo mawili."

Wanawake walivuta kanga usoni. Emerensiana aliinuka polepole, akaondoka bila kutazama nyuma.

"Umetuvua nguo," Mzee Bartolomeo alinong'ona.

Bwana Lukmani aliigeuza fomu mbele na nyuma. "Ndugu, hapa pana nafasi ya choo kimoja tu," alisema kwa huzuni ya kweli, na baiskeli ikarudishwa juu ya gari.

Melkiadi alirudi nyumbani na aibu yake, ana hakika mama mkwe anafunga mizigo. Verdiana alimtangulia, mtoto mgongoni. Nyuma ya nyumba walimkuta Emerensiana ndani ya shimo lililomfika magotini, jembe mkononi, jasho linamtiririka.

"Verdiana," alisema bila kugeuka, "mwambie mwenzio hili ni langu. Lile la chokaa ni la kwake. Skolastika alikuwa mjukuu wangu. Na mwambie mvua ziko karibu."

"Anasema—" alianza Verdiana.

"Mwambie nimesikia," alisema Melkiadi.

Akachukua jembe lake la porini, akaingia shimoni kwa upande wa pili. Wakachimba mpaka giza likaingia, wamepeana migongo.

Jumatatu alizunguka kwa miguu kama kawaida, akakuta mashimo mapya kumi na manne. La kumi na tano lilikuwa kwa Mzee Bartolomeo, aliyemweleza kila mpita njia kwamba lile ni la takataka. Fomuni hayakuwa na nafasi, kwa hiyo Melkiadi aliyaandika nyuma ya daftari, na la takataka akalihesabu.