Kuonja Bila Kumeza

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpishi Mkuu alinipa glasi ndogo yenye tumbo na mdomo mwembamba, akaniambia ninuse. Nilinusa, nikapiga chafya mara mbili, naye akacheka mpaka akaegemea mtambo. Alikuwa Mwayalandi mnene aliyeletwa Stockholm na mapenzi, akafungua kiwanda kidogo cha wiski huku Upplands Väsby, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa Mrundi mlokole, hata bia siionji. Vijana huniuliza nilipataje kazi ya kutembeza wageni mahali kama pale. Walitaka mtu wa Kiingereza, Kifaransa na Kiswidi cha kujikimu, tena mwenye mdomo. Mdomo Mungu hakuninyima.

Ziara tulianzia kwenye shayiri. Hulowekwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa, na hapo huitwa kimea. Waskoti wengine hukikausha kwa moshi, lakini Mpishi Mkuu alisema moshi ni wa kufukuzia mbu. Kimea husagwa, hutiwa maji ya moto, kisha hamira, halafu huingia kwenye mitambo ya shaba, huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, mara tatu. "Mara ya kwanza unafua shati," alinifundisha, "ya pili unalisuuza, ya tatu unalipiga pasi." Kinachotangulia kutoka ni kichwa, cha mwisho ni mkia, na vyote huondolewa. Katikati ndio moyo, nao hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni miaka mitatu au zaidi.

Mwisho wa ziara ni kuonja. Mezani palikuwa na bakuli la kutemea, kwa wenye kuendesha gari na kwa sisi wafanyakazi. Mkuu wa Ziara, mama wa Kiswidi asiyejua mzaha, aliweka sheria: mtembezaji akimeza, siku yake imekwisha, aende nyumbani. Mchungaji wangu wa Spånga naye alifikiri wiki nzima, akanikubalia ulimi lakini akanikatalia koo. Basi miaka yote nilionja na kutema, na nikaipenda kazi ile kweli kweli.

Jumamosi moja likaja kundi la wazee wa Kirundi kutoka Skärholmen. Mbele yao alikuwa kaka yangu mkubwa, Melkiori. Tulipomaliza matanga ya baba katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ndugu tulitakiwa kunywa chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake, kuonyesha kwamba tu wamoja. Mimi nilikuwa nimeokoka juzi tu, nikakataa mrija. Tangu siku hiyo Melkiori hakula kwangu wala mimi kwake. Hapa Stockholm tulisalimiana misibani, kwa ncha za vidole.

Niliwatembeza vizuri. Tulipofika mezani nikamimina, nikampa yeye kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Hakupokea. Wazee wote walijua anachongoja. Kwetu mwenye kutoa kinywaji hukionja mbele ya mgeni, mgeni aone hakina sumu, ndipo apokee.

"Leo weye ndiye mwenye nyumba," alisema polepole. "Onja."

Nikaonja. Kwa mazoea ya miaka, mkono wangu ukalivuta lile bakuli, na hapo nikaona uso wa kaka yangu ukibadilika. Kuonja kinywaji kisha kukitema mbele ya mzee wa Kirundi ni kumwambia kwamba ndani kuna sumu, na kwamba unaijua. Mlangoni alisimama Mkuu wa Ziara, amekunja mikono. Nilimpenda Mungu wangu, niliipenda kazi yangu, na yule kaka aliyenibeba mgongoni tulipokuwa tukikimbia vita nilikuwa nimemkosa kwa muda mrefu mno.

Nikameza. Ilishuka ikiwaka, na machozi yakanitoka. Melkiori akaipokea glasi kwa mikono miwili, akainusa, akairudisha mezani ikiwa vile vile.

"Daktari alishanikataza pombe," alisema. "Mimi nilitaka kukuona weye unameza."

Wazee waliangua kicheko, nami nikacheka nikilia. Mkuu wa Ziara alitimiza sheria yake, akanituma nyumbani, ila aliniongoza mpaka mlangoni akiwa amenishika bega. Mchungaji niliungama kwake kesho yake. Aliniuliza kama nilisikia utamu. Nikamwambia ndiyo, lakini si wa wiski.

Nimestaafu sasa. Mpishi Mkuu amerudi kwao, na mitambo imeuzwa. Ninyi vijana, mkitaka kazi kama ile kwingine, jifunzeni majina ya vitu, nyoosheni shati, msiwaharakishe wageni. Jumapili Melkiori huja kwangu kwa treni. Namimina chai, napiga funda la kwanza yeye akinitazama, kisha ananyoosha mikono yote miwili.