Matanga ya Klabu Iliyokuwa Hai

Taarifa ya kifo chake iliingia asubuhi kwenye kundi la simu la chama chetu cha kuzikana, sisi Watanzania na Wakongo wa Johannesburg, nami, nikiwa bado kitandani na kikombe cha chai juu ya tumbo, nikajibu mbele ya watu wote: "Safari hii anaokoa timu gani?" Nikaweka na vikatuni vya kucheka. Hakuna aliyecheka. Alikuwa amekufa kweli, muuza vitambaa wetu wa Fordsburg, mtu wa Tanga, na mkewe yumo kwenye kundi hilohilo.

Nijitetee kidogo, maana msomaji wangu wa siku nyingi anajua kujitetea ndiyo mazoezi pekee ninayofanya. Marehemu aliwahi kutuita kwenye msiba usio na maiti. Ilikuwa wakati ule klabu ya raga ya kulipwa ya huku kusini mwa Johannesburg, raga ya wachezaji kumi na watatu ambayo hata wenyeji wengi hawaifuatilii, ilipokimbiwa na mfadhili. Wachezaji hawajalipwa, na mwenye klabu ameshasema msimu ukiisha anafunga geti. Marehemu hakuwahi kuushika mpira ule wa umbo la yai maishani mwake, lakini kila Jumamosi alifunga duka akaenda kupiga kelele jukwaani, kwa sababu, alisema, ndipo mahali pekee mjini humu ambapo hajawahi kuulizwa katoka wapi. Akapita kwetu akiiombea klabu mchango. Watanzania tukamwambia tutaona. Wakongo wakamwambia Mungu atasaidia. Mimi nilimwambia mguu unauma.

Haukupita muda, ukaja ujumbe: msiba, Turffontein, nyumbani kwake. Huku ugenini msiba hauulizwi maswali mengi. Kila mtu anajua zamu yake itafika. Tukaenda wote, hata mimi na mguu wangu. Mikeka imetandikwa, akina mama wako kwenye masufuria, bakuli la rambirambi mlangoni limejaa noti, na sisi tunanong'onezana nani kafa. Tulipokwisha kula akaleta jezi ya klabu, akaitandaza katikati ya mkeka, akatuambia mgonjwa ndiye huyu. Mzee mmoja wa Bukavu alisimama akidai pesa yake irudi, kwamba kifo si kitu cha kutania. Marehemu akamjibu taratibu, "Papa, nilikuja kwako akiwa bado anapumua, ukaninyima. Nimekufuata huku unakotoa." Mzee akakaa. Kabla ya kuondoka nilimwona akiongeza noti.

Mchango ule ulilipa mishahara ya mwezi mmoja tu. Lakini habari ilitembea kwamba wageni wamekalia matanga ya klabu ya wenyeji, na mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, mzaliwa wa hapa, akaona haya, akalipa madeni na kuichukua. Mpaka leo inacheza.

Nayakumbuka matanga yale kuliko mengi ya kweli. Tulikaa hadi jua likazama, tukibishana juu ya sheria za mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeujua. Siku hizi rambirambi tunaituma kwa simu pamoja na picha ya viganja viwili vinavyoomba, kisha mtu anarudi kwenye runinga yake, na mtindo huo mimi ni bingwa wake. Marehemu alielewa jambo ambalo mkaa nyumbani kama mimi hujifunza kwa shida: mtu akishafika, mkono wenyewe huingia mfukoni. Kazi ni kumfikisha.

Leo ni siku ya tatu ya matanga yake na bado sijamkabili mjane. Nilidhani safu hii ingetosha kuniombea radhi. Nilipofika hapa kuandika, jirani yangu, msusi kutoka Lubumbashi, akasimama dirishani na sufuria ya kupeleka msibani. Nikamsomea yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Papa, matanga ya uongo ulienda, ukakula mara mbili. Sasa mutu amekufa kweli, unaandika tu. Vaa viatu."