Mwisho Nilioutunga Liuli

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki kijijini kwetu Kitura na shule yangu ikaishia darasa la nne. Sisemi ili nionewe huruma. Nasema ili mjue kwamba huyu anayewaandikia alinoa kusoma kwake kwa majalada ya kanda za video, na bado akajenga nyumba. Kwa miaka zaidi ya kumi nililima ngolo za watu, yale mashimo yetu ya Wamatengo ya kuzuia mvua isibebe udongo. Nikachuma kahawa za watu. Nikazaa binti mmoja, ambaye baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi na nadhani bado anaitafuta.

Kazi yenyewe niliipata Mbinga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kilwa alikuwa na duka la vitambaa, na nyuma ya duka ukumbi wa video. Wote tulimwita Mwenye Ukumbi. Siku ya kwanza alinipa ufagio na kiti cha mlangoni.

"Binti, utafagia, utachana tiketi, na macho yako yabaki nje. Ya ndani hayakuhusu."

"Ndiyo, Bosi."

Nilimdanganya. Kufika saa tisa shingo ilikuwa inaniuma kwa kugeuka.

Niwaeleze vijana, maana ninyi mnabonyeza tu. Filamu ilikuwa kwenye kanda, kisanduku cha plastiki chenye utepe mweusi ndani. Kanda inaingia kwenye deki, deki inapeleka picha kwenye runinga. Ndani ya deki kuna kichwa, kidude kinachosoma utepe. Kikichafuka, picha inajaa chengachenga, unakisafisha kwa pamba na spiriti. Ukimaliza kuonyesha lazima urudishe kanda mwanzo, la sivyo wa kesho wanaanza na mazishi. Halafu kulikuwa na mkalimani, anayesimama na maiki kando ya runinga kuwaeleza watu kinachosemwa. Wetu alitoka Songea, akijitapa kwamba Kihindi na Kiingereza vyote anavimeza.

Jumapili moja baada ya misa ya pili, ukumbi umefurika, mkalimani hayupo. Akakutwa kilabuni, hawezi hata kusimama. Mwenye Ukumbi akashika kichwa. Nikamwambia, "Bosi, hii picha nimeiona mara sita. Nipe maiki."

"Wewe unajua Kihindi?"

"Kwani yeye anajua? Wiki iliyopita yule mama alikuwa shangazi, juzi amekuwa jirani."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Maiki nikapewa, na sikuirudisha kwa miaka kumi na sita.

Njia yangu ilikuwa hii. Kila filamu niliitazama mara tatu peke yangu kabla ya watu. Mara ya kwanza naangalia nani analia. Mara ya pili naangalia nani anamliza. Ya tatu ndipo nasikiliza sauti, maana sauti ya mtu anayeomba na ya mtu anayetukana zinajulikana kwa lugha yoyote. Tajiri nilimwita Mzee wa Kahawa, watu wakamwelewa papo hapo. Mwenye Ukumbi alinipa sharti moja tu.

"Maneno tia yako, lakini usichokiona kwenye kioo usikiseme. Watu hawa wametoka Mbuji kwa miguu. Usiwadanganye."

Hata Afisa Utamaduni wa wilaya alikuja na faili lake la vibali, akasimama nyuma akasikiliza. "Mama, Kihindi umesomea wapi?"

"Mlangoni, Mheshimiwa."

Akatia saini.

Baadaye Mwenye Ukumbi alinipeleka ziwani. Tulishuka na lori hadi Mbamba Bay, kisha Liuli, runinga imeviringishwa kwenye godoro na jenereta imefungwa kamba kama mbuzi. Tulipewa ghala tupu. Madirisha tukayaziba kwa mablanketi, maana tulionyesha mchana, Jumapili baada ya ibada.

Safari ya tatu kanda ya Kihindi ilifika kutoka Songea lori likiwa limeshawaka. Sikupata kuitazama hata mara moja. Nikajiambia kwa uzoefu wangu nitaisoma hapohapo. Nilijiona sana, na filamu yenyewe ilikuwa nzuri ajabu. Baba ni fundi cherehani. Kijana wake anaiba dhahabu ya harusi ya dada yake, anafungwa, anatoka jela. Mwishoni amesimama kwenye mvua anagonga mlango wa kwao. Ndani baba ameshika komeo.

Deki ikala kanda. Utepe ulinasa, ukajikunja, na nilipouvuta ukakatika. Kioo cheusi.

"Mama, alifungua?"

"Usituache kwenye mvua!"

"Tumetoa hela, tupe mwisho!"

Mbele kabisa, karibu na deki, alikaa mvuvi mmoja mtu mzima. Liuli nzima ilijua kwamba amemfukuza mwanawe kwa sababu aliuza nyavu za nyumba akazinywa, na kijana sasa anabeba mizigo Mbamba Bay, analala popote. Mzee yule hakupiga kelele na wenzake. Alisubiri wanyamaze, akauliza polepole, "Alifungua, au hakufungua?"

Nikalikumbuka sharti la Bosi. Nikamwangalia yule mzee. Nikasema kwenye maiki, "Alifungua. Akamtazama mwanawe, akamwambia: Umekula?"

Kina mama walipiga vigelegele. Mzee aliinuka akatoka bila kuaga. Siku tatu baadaye tukiwa bado Liuli tulimwona akishuka kwenye lori, na kijana nyuma yake amebeba kifurushi. Tangu siku hiyo, kila msimu wa usipa, ndoo ya dagaa hao wakavu inapanda Mbinga kuja kwangu. Niliipokea. Lakini kila nikiila nilijua naila kwa filamu ambayo sikuiona mwisho.

Madishi yakaja, simu zikaja, ukumbi ukafungwa. Mwenye Ukumbi alinipa deki yake mkononi. "Chukua. Uliwalisha watu wangu vizuri." Mungu amrehemu. Alinitoa kwenye ngolo za watu.

Sasa nimestaafu, nami ni mtazamaji. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, amenifungia runinga kubwa. Mwezi uliopita nilitazama ya Kimarekani, jiji zima limemezwa na maji, bwana mmoja anavuka daraja linalobomoka, anatokea ng'ambo shati limenyooka kama limetoka kwenye pasi. Nilicheka peke yangu. Nyingine ya hukohuko ni ya bibi anayeishi na mbwa, watoto wanampigia simu tu. Saa nzima hakuna aliyepigwa hata kofi, na nililia. Hiyo ningeieleza vizuri mno, maana ina ukimya mwingi, na kuujaza ukimya ndiyo ilikuwa kazi yangu. Za Kihindi za siku hizi zimenipunguzia nyimbo. Jambazi anapigwa teke anaruka hewani muda mrefu hivi, mimi na maiki yangu ningekuwa nimeshataja ukoo wake wote kabla hajatua. Na kina mama wa kwenye filamu wamekuwa wasichana! Analilia mwana mtu mzima na kucha zake ndefu, kamasi hakuna. Wa zamani walilia mpaka unawahurumia pua. Hata hivyo nashukuru. Nakaa kwenye kiti changu mwenyewe, hakuna mlango ninaoulinda.

Basi Pasaka hii binti akaniuliza, "Mama, ile ya fundi cherehani uliyonisimulia utotoni, siyo hii?" Ilikuwa ndiyo yenyewe, imetiwa sauti za Kiswahili. Tukatazama. Kijana akagonga, baba akashika komeo. Akalishika mpaka kugonga kukakoma. Hakufungua. Kijana akaondoka kwenye mvua, wimbo ukaanza, majina yakapanda.

Binti akanigeukia. "Lakini mama, si ulisema..."

"Zima."

Wiki hiyo ndoo ya usipa sikuigusa. Nikapanda basi kwenda Liuli, maana yule mzee yu hai, na sikutaka mmoja wetu afe kabla sijamwambia ukweli.

Nilimkuta barazani anamenya muhogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama wa picha! Umepotelea wapi?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba sikuuona mwisho, kwamba niliutunga, kwamba fundi hakufungua.

Aliendelea kumenya. "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nilikaa karibu na deki. Utepe ulipokatika, wewe ulitoa macho kama sisi. Anayejua mwisho hatoi macho."

"Sasa Mbamba Bay ulifuata nini?"

"Mwanangu. Miezi minane nilikuwa natafuta la kumwambia nikimwona, kila nikipanga linatoka tusi. Wewe ukanipa neno fupi, hata mimi naliweza." Akacheka. "Na yule fundi wenu ni mpumbavu. Mkono uko kwenye komeo, unangoja nini?"

Mwanawe akatokea nyuma ya nyumba, ana mvi sasa, ameshika mbasa wawili wabichi, samaki wa ziwani. Akanisalimia kwa kuinama.

"Baba, mama ametoka Mbinga leo?"

"Ametoka Mbinga kuja kuniambia habari za runinga," mzee akasema, kisha akanitazama mimi. "Umekula?"

Nilikuwa sijala.

Nimerudi nyumbani. Nina nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, bati. Nina mibuni mia nne, ya kwangu, na mashamba matatu ya ngolo ya mahindi ninayolimiwa na watu ninaowalipa. Nguruwe wawili. Binti mwalimu. Runinga kubwa. Deki moja isiyowaka, ninaifuta vumbi. Ndoo ya usipa, imejaa. Na kanda moja, ile iliyokatika Liuli, nimeifunga kwa uzi utepe usitoke.