Kodi Nusu, Maji Siku Nzima

Wateja walimwita Taratibu, kwa sababu kichwa kimoja kilimchukua muda ambao vinyozi wengine wangemaliza viwili, na hakuna aliyewahi kuinuka kwenye kiti chake na mkwaruzo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, hana mke, hana mtoto. Mke alikuwapo zamani, ila alichoka kuishi na mama mkwe asiyeinuka kitandani, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Taratibu hakumlaumu. Mama alikuwa mama yake yeye. Kwa miaka mingi, kila asubuhi, alimwogesha, akamlisha, akamgeuza ubavu huu na ule, ndipo akashuka ngazi kwenda kazini.

Mama alipofariki, watu walimkodolea macho wakingoja aangue kilio. Hakulia. Alipokea pole, akawasindikiza wageni mlangoni, na baada ya matanga akarudi dukani akawasha mashine. Mwenzake wa kiti cha pili, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi wake, alimtazama kupitia kioo.

"Bwana wee, umekufa ganzi."

"Labda," alisema Taratibu, akalikung'uta shuka la nywele.

Mdogo wake aliishi jimbo la pili, akiuza vipuri vya malori. Siku hizo alikuwa hakatiki simuni.

"Kaka, unangoja nini huko? Huku kodi nusu ya huko. Maji yanatoka siku nzima. Hewa safi, zahanati iko hapa mlangoni, shemeji yako ndiye mkunga wao. Njoo bwana!"

Zamani Taratibu alikuwa na jibu: mama hawezi safari. Sasa jibu lilikuwa limezikwa. Tena mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi ya vile vyumba viwili juu ya gereji, ambako nyundo za wanyoosha mabati zilianza kugongwa kabla hajapiga mswaki. Akaona isiwe tabu. Akamwomba mwenzake amshikie wateja, akapanda basi kwenda kujionea.

Mdogo wake alimtembeza kama dalali. Jikoni alifungua bomba hadi mwisho. "Sikia hiyo presha!" Maji yakamrukia yeye mwenyewe tumboni, na mkewe akacheka mpaka akaegemea ukuta. Taratibu alitabasamu kwa kuwa wengine walikuwa wanacheka. Walikwenda zahanati, wakakuta mabenchi matupu na muuguzi anayepiga miayo. Walipita mtaa wenye miti pande zote mbili. Mwisho walisimama mbele ya fremu tupu ya duka, jirani na tanuri la mikate, ina dirisha kubwa la kutazama barabarani.

"Unaionaje?"

"Nzuri," alisema Taratibu. Na ilikuwa nzuri kweli. Aliliona hilo kama anavyoona kwamba ukuta ni mweupe.

Hata hivyo kichwa chake kilikuwa hakijalala. Aliuliza bei ya gesi, akaambiwa iko juu, maana inasafirishwa kutoka mbali. Mkate ulikuwa rahisi. Nauli hakuna, kila kitu ni cha kutembea kwa miguu. Kibali chake cha kazi hakikutambulika huku, ingebidi aombe kingine. Kisha akachungulia kwa kinyozi wa mtaa wa pili, akasoma bei iliyobandikwa ukutani, akarudi polepole.

"Kodi ni nusu," alimwambia mdogo wake, "lakini na kunyoa nako ni nusu. Nitakuwa palepale."

"Palepale," shemeji yake alidakia, "ila utakuwa umeoga."

Jioni hiyo mume alipotoka kufunga stoo yake ya vipuri, shemeji alibaki akiosha vyombo huku Taratibu akivifuta.

"Shemeji, nikwambie kitu, usinikasirikie."

"Sema tu."

"Haya mambo ya maji na kodi ni ya juujuu. Mume wangu anaona haya. Alituma hela, lakini mwenyewe hakuja kumuuguza mama. Sasa anataka akuweke hapa akulishe, moyo wake utulie."

"Najua."

"Na huna hasira naye?"

Taratibu aliiweka sahani chini. Alijipekua ndani kwa uaminifu, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo.

"Nazitafuta, shemeji. Sizioni."

Siku ya mapumziko mdogo wake alitoa kiti uani, akaomba anyolewe. Taratibu alimpaka povu, akamwinamisha shingo. Kisogo kilikuwa cha mama kabisa, na mfereji uleule katikati. Mikono yake ilikijua. Ilianza kazi bila kumngoja.

"Kaka," mdogo wake alisema akiwa ameinama vilevile. "Mama alikuwa akiniulizia?"

Wembe ulisimama. Taratibu hakuwa mtu wa kutunga maneno, na wala hakuona sababu ya kuficha.

"Hakukuulizia. Kwake wewe ulikuwepo. Alipoanza kusahau, alikuwa ananiita mimi kwa jina lako. Nikimwogesha, anakushukuru wewe. Nikimlisha, anakuombea dua wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Niliitika tu. Ningembishia nini?"

"Na wewe je? Alikuulizia wewe?"

"Kila asubuhi. 'Kaka yako yuko wapi, mbona haji kuniona?' Namwambia yuko kazini, mama, atakuja."

Hapo mabega ya mwuza vipuri yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, mtu mzima, povu likimdondoka kidevuni. Taratibu aliuondoa wembe, akangoja, kwa sababu shingo inayotetemeka hainyolewi. Mdogo wake akaupapasa mkono wake, akaung'ang'ania. Taratibu alisikia joto la mkono ule kwa mbali, kama amevaa glavu. Alijua kwamba mtu mwingine mahali pake angelia pia. Alipoona pumzi za mwenziwe zimetulia, akasema, "Haya, inua kichwa," akamalizia upande uliobaki.

Alirudi kwake, akawaaga wateja. Kitanda cha mama alimpa jirani wa mtaani aliyekuwa na mgonjwa.

"Umepapenda huko?" mwenzake wa kiti cha pili alimuuliza, na safari hii hakutania.

"Sijui. Sikuona kitu cha kunizuia huku, wala cha kunikimbiza kule."

Alihama. Mdogo wake alimwandalia chumba nyumbani, lakini Taratibu akachukua fremu ile ya jirani na tanuri, na kachumba kalikokuwa nyuma yake. Kibali kilisumbua, kikatoka. Wateja walikuja wachache, wakazoea upole wa mkono wake, wakaongezeka. Mapato yakawa kama alivyopiga hesabu: hakutajirika, hakulala njaa. Mdogo wake akawa mtu wa kuja kila alipofunga stoo, hata akiwa hana unywele wa kukata. Anakaa kwenye benchi la wateja, anaeleza habari za breki na springi mpaka watu wanasinzia.

Miezi ilipita hivyo. Jioni moja, duka likiwa na watu watatu wanaongoja na mdogo wake amekaa nao benchini, Taratibu alikuwa katikati ya kunyoa akajikuta ameegemea mgongo wa kiti. Hakuwa mgonjwa. Ulikuwa uchovu, mzito, umetokea nyayoni ukapanda hadi mabegani, kama wa miaka yote umefika kwa pamoja. Alimaliza kichwa kile, akamfuta mteja shingo, akageuka.

"Nimechoka," alimwambia mdogo wake.

Mdogo wake alisimama haraka. "Unaumwa?"

"Hapana. Nimechoka tu. Nimechoka sana."

"Basi nenda kalale, kaka. Hapa niachie mimi."

Taratibu alivua koti la kazi, akaenda kachumba ka nyuma, akajilaza na viatu vyake. Kabla usingizi haujamchukua alimsikia mdogo wake mlangoni akiwaomba radhi wateja, akiwaambia warudi kesho, na mmoja wao akilalamika, na mdogo wake akisema, kwa sauti ya chini, kwamba kaka yake anapumzika.