Shujaa Asiyehitaji Mtu

Fundi wa mafriji alikuwa mtu wa kujitosheleza, na kwa hilo alijivuna. Alijipikia, alijishonea vifungo, hata nywele alijinyoa mwenyewe kwa vioo viwili, ndiyo maana kisogo chake kilikuwa na mabonde. Ukimtajia kinyozi, atakujibu: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Haya, bwana. Lakini jioni alipofunga mlango wa chumba chake, kimya kilimkaba. Hata friji yake haikunguruma, kwa maana aliitengeneza vizuri mno.

Jumamosi ndiyo iliyomtoa. Alikwenda kwa mwalimu wa jiografia, na hapo kwenye meza ya kulia wakacheza mchezo wa hadithi na dadu. Mwalimu husimulia: kuna pango, zimwi limelala mlangoni, mnafanyaje? Kila mchezaji ana mhusika wake karatasini, amegawiwa alama sawa na wenzake, azitie kwenye nguvu, akili au uganga apendavyo. Muuguzi alikuwa na bibi kizee, tabibu wa kuponya wengine. Shemeji yake, mwoka mikate, alikuwa na mwizi mvivu, bingwa wa makufuli. Hao wawili walitaniana tangu chai ya kwanza hadi kwaheri.

Fundi hakuja kutaniana. Alipiga hesabu hadi akaunda shujaa asiye na kasoro: anapiga, anafungua makufuli, anajitibu. Hakuvunja kanuni hata moja. Aliamini kwa dhati kwamba kadiri atakavyofaa ndivyo watakavyompenda. Maskini, hakuona kwamba mwoka mikate sasa alishinda akichezea kijiko, maana kila kufuli lilikwisha kufunguliwa.

Mwalimu akajaribu kusawazisha. Kwa kuwa mazimwi yalianguka kwa pigo moja la shujaa, aliyaongezea nguvu ili yamtoe jasho. Yakamtoa kweli. Ila pigo la kumtikisa shujaa lilipomkosa na kumpata bibi tabibu, lilimuua palepale.

Muuguzi akaikunja karatasi yake taratibu. Bibi huyo alikuwa naye kwa miaka.

"Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi," akasema.

"Pole, dada," fundi akasema. " Lakini ungemwekea ngao asingekufa. Hesabu iko wazi."

Muuguzi na shemeji yake waliondoka bila utani wowote.

Wiki ile fundi alifanya kazi kwa woga. Wakimwambia asirudi, atabaki na nani? Akiwa ameinamia friji ya mteja, alikumbuka siku zake za mwanzo mezani, mhusika wake wa kwanza alipoumwa na nyoka. Muuguzi alimfunga kidonda kwa sauti ya kizee, "Tulia, mwanangu, acha kulialia," na wote wakacheka hadi chai ikamwagika. Kumbe hicho ndicho alichokuwa akikifuata. Akaichana karatasi ya shujaa wake, akaunda mpagazi: mgongo mpana wa kubeba yeyote, lakini hawezi kuzuia damu yake mwenyewe. Nafasi ya uganga aliiacha tupu kwa makusudi.

Jumamosi aliwakuta wote wapo, kikombe chake kimeshamiminiwa chai. Moyo ukatulia. Wenzake nao walikuwa na karatasi mpya. Mchezo ulikwenda kasi ya ajabu: kila mmoja na zimwi lake, dadu zikigonga meza, hakuna aliyemwita mwenzake. Kisha mpagazi akaanguka.

"Anatokwa damu," mwalimu akasema. "Nani anamwinua?"

Fundi akamgeukia muuguzi. Neno hili hakuwa amelizoea, lakini alilitoa huku akitabasamu.

"Dada, nisaidie."

Muuguzi akaipitia karatasi yake juu hadi chini.

"Sina dawa ya mtu mwingine, kaka. Huyu wangu anajitibu mwenyewe tu."

"Hata wangu," akasema mwoka mikate. "Tuliona ulichosema ni kweli. Wiki nzima tumekaa na shemeji tukiiga hesabu zako. Hebu tazama."

Alisema bila kinyongo, akamsogezea karatasi mbili na kungoja kusifiwa. Fundi akazikagua zote. Hakuna alama hata moja iliyopotea bure.

"Mmepatia," akasema.

Mwalimu akaendelea kusimulia, na wale wawili wakaingia pangoni, kila mmoja peke yake.